Namna ya kununua spika na amplifaya zilizokarabatiwa mtandaoni bila kubaki na boksi bubu

Kila wiki swali ni lile lile, linabadilisha shati tu. "Fundi, nimeona amplifaya mtandaoni dola 90, Kariakoo wananitajia laki sita. Niagize?" Mwingine ananitumia picha ya spika zilizoandikwa "refurbished" na kuuliza kama ni mpya au mtumba. Wa tatu anakuja na mzigo umeshaungua. Huyo ndiye aliyenifanya niandike, maana maswali yake yote aliyauliza baada ya kulipa.

Mimi kabla ya kujibu huuliza kitu kimoja: kikiharibika atakitengeneza nani, wapi, na nauli ya kukirudisha analipa nani? Kama huna jibu, hiyo uliyoiona bado si bei. Ni nusu ya bei.

Nazungumzia spika, amplifaya, sabufa, hedifoni, maiki na miksa. Nimemwandikia mtu wa Dar, ila wa Mombasa au Nairobi atabadilisha majina ya mitaa na asilimia za kodi, mengine ni yale yale.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina kamili la modeli unayoitaka, hadi herufi za mwisho.
- Bei ya kitu hicho hicho kikiwa kipya hapa nyumbani. Zunguka maduka mawili matatu au piga simu.
- Njia ya kulipa inayokuruhusu kudai pesa yako: kadi ya benki, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, au PayPal.
- Namba ya wakala wa forodha au kampuni ya kusafirisha mizigo, kama unaagiza nje.
- Futi kamba, multimita ya bei ndogo, na betri moja ya AA.
- Fundi unayemwamini. Usimtafute siku kitu kimeungua.
- Nyimbo mbili unazozijua kwa moyo, moja yenye besi nzito na moja yenye sauti ya mtu peke yake.

Hatua ya 1: Elewa neno lililoandikwa kwenye tangazo

Wauzaji wa nje wana msamiati wao, na kila neno lina bei yake.

"Manufacturer refurbished" au "certified refurbished" ni kifaa kilichorudi kiwandani au kwa fundi aliyeidhinishwa na kiwanda, kikapimwa, kikatengenezwa na kufungwa upya. Hiki ndicho ninachokitafuta mimi. "Seller refurbished" ni muuzaji mwenyewe ndiye aliyekikarabati, na ukarabati wake unaweza kuwa wa kubadilisha kapasita au wa kupitisha kitambaa chenye spiriti, huwezi kujua. "Open box" ni kitu kilichofunguliwa boksi kikarudishwa, mara nyingi mteja alibadili mawazo tu. "B-stock" ni neno la maduka ya vyombo vya muziki: kilirudishwa, au kina mchubuko, au kilikaa kwenye maonyesho. "Used" ni mtumba. "For parts" ni chuma chakavu, hata picha ikiwa inang'aa namna gani.

Hapa kwetu muuzaji atakuandikia "used ya Uingereza, safi kama mpya". Hiyo ni sifa, haisemi nani alikipima. Muulize.

Hatua ya 2: Angalia umeme kabla ya kuangalia bei

Kuruka hatua hii ndiko kulikoua vifaa vingi zaidi mezani kwangu, kwa hiyo soma taratibu.

Tanzania tunatumia volti 230, hezi 50. Kenya wanaandika 240, hezi 50. Uingereza ni 230, na plagi yao ya pini tatu za mraba ndiyo hii yetu, kwa sababu ndiyo tuliyorithi. Kifaa cha Uingereza kinachomekwa na kufanya kazi. Cha Ujerumani au Ufaransa nacho ni 230, kinataka plagi au adapta tu.

Marekani ni volti 120, hezi 60. Japan ni volti 100. Ukichomeka amplifaya ya volti 120 kwenye soketi ya Dar, ukibahatika fyuzi itakatika. Usipobahatika, utanusa transfoma ikiungua kabla hujafika kwenye swichi.

Mwombe muuzaji picha ya nyuma ya kifaa, pale waya wa umeme unapoingilia. Tafuta maandishi haya:

- "100–240V": salama, kinajirekebisha chenyewe. Spika nyingi za bluetooth na nyingi za kisasa zenye amplifaya ndani ziko hivi.
- "115/230V" yenye kiswichi cha kuchagua: kinafaa, ila geuza kiswichi kabla ya kuchomeka.
- "120V 60Hz" peke yake: unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Iwe na uwezo wa kama mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Ongeza bei yake, na uzito wake, kwenye hesabu.
- "100V": cha Japan. Transfoma ya kushushia hadi 110 haikifai. Tafuta ya 100 kamili, au achana nacho.

Transfoma hurekebisha volti, haigusi hezi. Mashine za zamani za santuri ambazo mota yake hufuata hezi za umeme zitazunguka polepole: sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika itapungua hadi karibu 28, na Marijani Rajab atageuka kuwa na sauti ya mzee mwenye usingizi. Muulize muuzaji kama mota inafuata hezi.

> Tahadhari: adapta ya plagi ya shilingi elfu tatu hubadilisha umbo la pini tu. Haishushi umeme. Nimeshaambiwa "lakini fundi nilitumia adapta" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hatua ya 3: Redio na maiki, uliza masafa

Ukiagiza amplifaya yenye redio kutoka Japan utakutana na jambo wanalolijua wenye magari kutoka huko: FM yao huanzia megahezi 76, na redio nyingi za kule zinaishia 90 au 95. Stesheni za 98 au 101 hutazisikia. Za Marekani zinaruka hatua za 0.2, zinashika namba witiri tu, kama 88.1, 88.3. Kama stesheni yako ni 88.4, utaisikia kwa mikwaruzo au usiisikie kabisa.

Maiki zisizo na waya ndizo zinazowaumiza watu wa kwaya na wa harusi. Utaona seti nzuri ya jina kubwa kutoka Marekani, nusu ya robo ya bei. Sababu ni hii: tangu Julai 2020 Wamarekani wamezuiwa kutumia maiki nyingi za masafa ya megahezi 600, kwa kuwa masafa hayo yaligawiwa kampuni za simu. Za megahezi 700 zilizuiwa mapema zaidi, mwaka 2010. Wenyewe wanaziondoa stoo. Ukizileta huku unaweza kugongana na matangazo ya televisheni ya dijitali au na mitandao ya simu, na maiki ikakatika katikati ya kiapo cha ndoa. Uliza masafa yameandikwa ngapi, kisha mwulize fundi anayefunga vyombo mjini kwako yeye anatumia yapi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kitu kikiwa sebuleni kwako

Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitozi kilo peke yake. Zinapima ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya, mara nyingi, kwa 5000. Boksi la spika la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linatoa 19.2. Hata kama spika yenyewe ina kilo 11, utalipia kilo 19 na ushee. Ndiyo maana napenda watu waagize hedifoni, maiki na miksa ndogo, na spika kubwa wazitafute hapa hapa au zije kwa meli.

Kisha kodi. Tuseme kifaa pamoja na usafiri na bima ni dola 300, na wakala amekuambia ushuru wa forodha wa bidhaa yako ni 25%. Hiyo ni dola 75. VAT haipigwi kwenye 300, inapigwa kwenye 375. Kwa 18% ya Tanzania Bara ni dola 67.5. Jumla imefika 442.5 na bado kuna tozo ndogo ndogo na mkono wa wakala. Kenya VAT ni 16%, nao wana tozo zao.

Kanuni yangu, na ni yangu tu, hakuna aliyenifundisha: kama kilichokarabatiwa kikifika nyumbani hakijaokoa angalau theluthi ya bei ya kipya cha dukani, nunua kipya. Ile tofauti ndogo haitoshi kulipia usumbufu.

Hatua ya 5: Ihoji waranti

Watu wakiona "1 year warranty" wanatulia. Mimi ndipo ninapoanza kusoma.

Niliwahi kuagiza miksa ya chaneli 12 kutoka kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo, "open box", waranti mwaka mzima. Mwezi wa tatu chaneli mbili zikanyamaza. Nikaandika. Wakanijibu kwa adabu sana: tutaitengeneza bure, itume kwetu kwa gharama zako. Nauli ya kwenda tu ilikuwa zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia, na ya kurudi pia ni juu yangu. Waranti ilikuwa ya kweli, hakuna aliyenidanganya. Ilikuwa tu upande wa pili wa bahari. Miksa niliifungua mwenyewe, na hadi leo chaneli moja ni bubu.

Kwa hiyo uliza haya, na majibu uyapate kwa maandishi:

a) *Nani anatoa waranti?* Kiwanda, duka, au kampuni ya tatu ya bima? Ya kiwanda ina nguvu zaidi. Ya duka inaishi kadiri duka linavyoishi.

b) *Inafanya kazi nchi gani?* Viwanda vingi hutengeneza bure kwenye nchi kilikouziwa kifaa tu. Ukienda kwa wakala wa hapa na risiti ya London, ana haki ya kukwambia hakihusiki naye.

c) *Muuzaji ameidhinishwa?* Kampuni nyingi za sauti hukataa waranti ya kitu kilichonunuliwa kwa muuzaji asiye kwenye orodha yao, hata kikiwa kipya ndani ya nailoni. Nenda kwenye tovuti ya kampuni, tafuta orodha ya wauzaji, mtazame kama yumo.

d) *Ni ya mnunuzi wa kwanza tu?* Mara nyingi ndiyo. Ukimnunulia kifaa mtu aliyekinunua mwaka jana, waranti iliyobaki huenda imebaki kwake.

e) *Muda gani, na unaanza lini?* Vilivyokarabatiwa mara nyingi hupewa siku 90. Kwa mfano Amazon Renewed, mpango wa Amazon wa kuuza vilivyokarabatiwa: Marekani kwa kawaida ni siku 90, Uingereza ni mwaka. Wapo wakarimu: Thomann, duka kubwa la vyombo vya muziki la Ujerumani, hutoa waranti ya miaka 3 hata kwa B-stock. Kumbuka siku zinahesabiwa tangu kununua au kupokelewa kule. Mzigo ukikaa wiki sita melini, karibu nusu ya siku 90 imeshaliwa na samaki.

f) *Betri imo?* Kwenye hedifoni na spika za kuchaji, betri huhesabiwa kama raba ya gari: inakwisha, haiharibiki. Mara nyingi haimo.

Kama una ndugu Uingereza, hapo una silaha. Sheria yao ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa kitu kibovu na kurudishiwa pesa, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo, ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Kitu kilichonunuliwa dukani kwa njia ya mtandao kinaweza kurudishwa ndani ya siku 14 hata kama si kibovu. Nchi za Umoja wa Ulaya zina dhamana ya kisheria ya miaka 2 kwa vitu vipya, na kwa vilivyotumika baadhi yao huruhusu ipunguzwe hadi mwaka 1. Ila haki hizi ni za anayenunua dukani. Ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza spika ya marehemu babu yake, nyingi hazipo.

Sasa jambo la akili hapa: mwombe ndugu akipokee, akichomeke, akisikilize siku mbili ndani ya muda wa kurudisha, *ndipo* akitume. Watu wanakimbilia kupeleka boksi lililofungwa moja kwa moja kwenye kontena. Siku za kurudisha zinaisha wakati boksi liko bandarini halijafunguliwa.

Kwa wa hapa hapa: duka likikuuzia mtandaoni, dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, na waranti iandikwe na kupigwa muhuri. "Usijali bosi, ikisumbua nilete" ni maneno ya mdomo, na yule kijana mwezi ujao anauza viatu. Ukiuziwa feki, Tanzania mahali pa kupeleka malalamiko ni Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012.

Hatua ya 6: Mhoji muuzaji kabla ya kulipa

Tuma ujumbe mmoja wenye kila kitu. Kwa wa hapa mimi huandika hivi:

*"Habari kaka, nimeipenda hiyo amplifaya. Naomba picha ya nyuma nione volti na siriali namba, na video fupi ikiwa inapiga muziki, uzungushe volyumu kutoka chini hadi nusu. Imewahi kufunguliwa na fundi? Rimoti na waya wake vipo? Ikifika ina shida, siku ngapi za kurudisha na nauli ni ya nani? Asante."*

Anayeuza kitu kizima hujibu. Anayekwambia "wateja ni wengi, wahi" bila video, mwache awahi na hao wengi.

Siriali namba iandike, kisha iulize kwa kampuni kupitia tovuti yao kama inalingana na modeli.

Na usisumbuliwe na wati. Sabufa iliyoandikwa "PMPO 8000W" (wati za kilele, za kupambia tangazo) ukiitazama nyuma utakuta inavuta wati 60 ukutani. Haiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya inachoingiza. Linganisha kwa namba ya nyuma, au kwa ile iliyoandikwa RMS, yaani wati za mfululizo.

Hatua ya 7: Lipa kwa njia yenye mlango wa kurudi

PayPal inakupa siku 180 tangu ulipolipa za kufungua malalamiko, lakini usikubali kulipa kwa kipengele cha kutumiana pesa ndugu na marafiki. Hicho hakina ulinzi, na ndicho wezi wanachokipenda. Kadi ya benki nayo ina utaratibu wa kupinga malipo; piga simu benki mapema, usingoje miezi.

Kwa hapa nyumbani lipa kwa Lipa Namba ya biashara, na jina linalotokea lifanane na la duka. Namba ya mtu binafsi yenye jina tofauti na la kwenye ukurasa ni dalili mbaya. Kama uko Mwanza au Mbeya na mzigo unakuja kwa basi, kubaliana ulipe sehemu, kilichobaki baada ya kuona risiti ya kifurushi na video ya kitu kikifungwa. Wengi watakataa. Wapo wanaokubali.

Hatua ya 8: Pokea na ujaribu siku hiyo hiyo

Washa kamera ya simu kabla ya kukata gundi. Video moja isiyokatizwa, ionyeshe lebo ya boksi, siriali namba, na kitu kinavyotoka. Boksi na maboya yake usiyatupe hadi muda wa kurudisha uishe. Najua mama atalalamika kuhusu nafasi.

Kisha:

1. Kabla ya umeme, tikisa taratibu. Kitu kikigongagonga ndani, usichomeke.
2. Toa wavu wa spika na utazame ukingo wa koni. Wa sponji huoza wenyewe baada ya miaka 10 hadi 20 hata spika ikikaa kabatini. Ukiubonyeza kwa kidole unabaki unga. Wa raba hudumu zaidi.
3. Kwa spika zisizo na amplifaya ndani, gusisha betri ya AA kwenye nguzo za nyuma kwa sekunde moja. Koni iruke na kutoa "tup". Kimya maana yake koili imekatika au waya umeachia.
4. Multimita: spika ya omu 8 itasoma kama 5.5 hadi 7, ya omu 4 kama 3 hadi 4. Ikisoma sifuri usiiunge kabisa, itaua amplifaya.
5. Sasa washa, volyumu chini. Zungusha vitufe vyote. Vikikwaruza kidogo ni vumbi.
6. Piga wimbo wa sauti ya mtu, geuza balansi kushoto tu, kisha kulia tu. Pande mbili zifanane.
7. Iache ipige saa mbili kwa sauti ya kawaida. Kasoro nyingi za vitu vilivyokarabatiwa hujificha hadi kifaa kipate joto.
8. Jaribu *kila* tundu la kuingizia sauti, HDMI zaidi ya yote. Watu hujaribu bluetooth tu wakaridhika.

Hedifoni za kuchaji: zichaji hadi zijae, zipige mfululizo, andika saa zilizodumu. Zikitoa chini ya nusu ya saa zilizotangazwa na kiwanda, rudisha. AirPods za mtumba hakikisha mwenye nazo ameziondoa kwenye akaunti yake ya Apple mbele yako. Spika za JBL zijaribu na programu ya simu ya JBL yenyewe kama modeli yako inaikubali. Feki mara nyingi haitambuliwi. Maiki ya Shure SM58 ipime: halisi ina karibu gramu 298. Feki nyingi ni nyepesi, na mzani wa jikoni unatosha kukuonya.

Kikifika na shida

*Hakiwaki kabisa.* Angalia fyuzi ya kwenye plagi kwanza, halafu ya nyuma ya kifaa. Ikikatika tena ulipobadilisha, simama. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala ile karatasi ya sigara.

*Kinawaka kisha kinajizima, au kinaonyesha neno PROTECT.* Chomoa waya zote za spika, washa tena. Kikitulia, tatizo ni waya zilizogusana au spika. Kikiendelea ni ndani, rudisha.

*Mvumo wa "mmm" usiokoma.* Chomeka kila kitu kwenye soketi moja ya pamoja. Ukitulia ni suala la ethi (waya wa ardhi), si ubovu. Usikate pini ya ethi kama wanavyoshauri baadhi ya vijana.

*Upande mmoja kimya.* Nyuma ya amplifaya, badilishana waya wa spika ya kushoto na ya kulia. Ukimya ukihamia upande mwingine, kosa liko kwenye amplifaya au kwenye kinachoiletea sauti. Ukibaki pale pale, ni spika au waya wake.

*Hedifoni zinakataa kuungana.* Huenda bado zinamkumbuka mwenye zamani. Zirudishe kwenye hali ya kiwandani. Kwa mfano Sony WH-1000XM4: zikiwa hazichaji, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha Custom kwa sekunde 7 au zaidi.

*Kuna kibandiko "ukifungua waranti imekufa".* Marekani, kwa sheria ya waranti ya mwaka 1975, kibandiko peke yake hakitoshi kukunyima haki. Kwingine usijaribu bahati. Ndani ya muda wa kurudisha, bisibisi ikae droo.

*Muuzaji hajibu.* Usimtukane. Mwandikie mara moja kwa utulivu, humo humo ndani ya jukwaa ulikonunulia, si WhatsApp, ukiweka video na tarehe. Mpe siku 3. Kisha fungua malalamiko kwa jukwaa, halafu kwa aliyekupitishia malipo, kwa mpangilio huo. Akikwambia "funga malalamiko kwanza ndipo nikurudishie", usifunge. Mengi yakishafungwa hayafunguliwi tena.